Deception Island, Antaktika: nyota nne, ya tano imeliwa na lile "bafu la maji moto"

Nianze na la muhimu ili asiye na muda aondoke nalo: kama unataka kulipia safari ya meli ya Antaktika na kwenye ratiba umeona Deception Island, usianze kuuliza chakula wala ukubwa wa chumba, uliza meli inabeba abiria wangapi. Hiyo namba ndo unayoinunua, mengine yote ni mapambo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kule hamna wenyeji, hamna bandari, hamna kaunta ya tiketi, kuna Mkataba wa Antaktika wa 1959 na itifaki ya mazingira iliyosainiwa Madrid 1991, na kampuni za meli zina chama chao, IAATO, chenye masharti ya kushusha watu. Sharti linalokugusa wewe abiria ni kwamba sehemu moja wasiwepo nchi kavu zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja, na meli iliyobeba zaidi ya abiria 500 haishushi mtu hata mmoja, mtakitazama kisiwa kutoka kwenye sitaha mnapigwa upepo, basi, mnageuza. Sasa piga hesabu mwenyewe. Meli ndogo wanashuka wote kwa mkupuo mmoja na wanakaa nchi kavu mpaka wachoke. Meli ya watu 200 nusu wanashuka nusu wanasubiri, ya 400 ni zamu nne, na muda haurefuki kwa sababu nyuma yenu kuna meli nyingine ina nafasi yake imeshapangwa. Yetu ilikuwa ya ukubwa wa kati, tukagawanywa makundi, na kundi letu likawa la mwisho, kwa hiyo wenzetu wameshatembea wamerudi wanakunywa supu sisi bado tupo kwenye korido na laifu jaketi tunatoka jasho. Tulipofika nchi kavu ilikuwa ni kutembea huku mtu anaangalia saa. Hiyo kwenye tangazo haipo, kwenye tangazo kuna mama mmoja amesimama peke yake ufukweni anatabasamu, sijui yeye alikuja na meli gani.

Kampuni yenyewe siitaji, sijaja hapa kugombana na mtu, na isitoshe nilivyosoma vijitabu vya wengine naona wote wanauza hivyo hivyo.

Haya, kisiwa. Kipo kwenye visiwa vya South Shetland, juu kidogo ya rasi ya Antaktika, na ni volkano hai ambayo katikati yake ilibomoka ikazama, bahari ikaingia. Kwa hiyo ni kama pete iliyokatika sehemu moja na meli inapita hapo kwenye mkato inaingia ndani ya volkano. Ndani ya volkano jamani! Mlango unaitwa Neptunes Bellows, upana wake haufiki hata nusu kilomita, na katikati kabisa kuna mwamba umejificha mita 2.5 tu chini ya maji, Ravn Rock, kwa hiyo meli haipiti katikati, inajibana upande mmoja karibu na ukuta wa mawe mpaka unaona kinyesi cha ndege kwenye miamba. Miaka ya 1950 meli moja ya kuvua nyangumi, Southern Hunter, ilikuwa inaikwepa meli ya kijeshi ya Argentina hapo hapo mlangoni, ikapanda mwamba na haikutoka tena. Nahodha wetu alitangaza kwenye spika kwamba tunaingia, watu wote tukamiminika juu, na kwa dakika zile hakuna aliyepiga stori, kila mtu anaangalia ukuta unavyosogea. Mimi hii sehemu naipa nyota tano bila kujadiliana. Hata wangegeuza meli pale pale ningesema sijaibiwa.

Usilale wakati wa kuingia. Kuna watu walikuwa wamemeza vidonge vya kichefuchefu wakalala fofofo wakapitwa, na tangazo la saa kumi na moja alfajiri linasikika vyumbani kwa sauti ndogo sana.

Kabla ya kushuka kuna zoezi la usafi ambalo wengine walilinung'unikia mimi nikalipenda. Unaitwa ukumbini na nguo zako zote za nje, begi, kofia, glavu, fimbo ya kutembelea, wanapitisha mashine ya kufyonza vumbi kila mfuko, alafu wanakupa koleo dogo la nyusi uchokonoe ile mikanda ya kunata ya jaketi kwa sababu mbegu za majani hunasa humo. Dada aliyekuwa ananikagua alitoa kijiti kimoja chembamba kama unywele kutoka kwenye mkanda wa kunata wa mkono wa jaketi langu, akakiinua kwenye taa, akakiweka kwenye kikopo, akaniambia endelea bado upande wa pili. Mbegu moja tu ya nyasi ikiota kule imekuwa kesi. Na kila ukitoka na kila ukirudi unakanyaga kwenye beseni la dawa na kusugua gambuti. Toka homa ya ndege ifike maeneo yale wameongeza na hili: hamna kukaa chini, hamna kupiga magoti, hamna kulala kwenye theluji upigwe picha, hamna kuweka begi chini. Mzee mmoja wa kundi letu goti linamsumbua, akaegemea kidogo akataka kukaa kwenye jiwe, akafuatwa chapu na kuombwa asimame. Akasimama, ila uso wake ulisema yote. Kama una shida ya miguu au mgongo ulijue hili mapema, saa nzima na zaidi umesimama kwenye mchanga laini wa majivu sio mchezo, na kurudi kwenye meli ni mpaka boti iwe na nafasi.

Choo pia hamna. Chakula hairuhusiwi kushuka nacho, hata pipi. Jaza tumbo na maliza haja zako kwenye meli, nimemaliza.

Mnashushwa na zile boti za mpira, Zodiac, unakaa pembeni unashika kamba, mkifika mtu anakushika mkono kwa mtindo wa mabaharia, kiganja kwa kifundo cha mkono, unazungusha miguu unaruka kwenye maji ya kufika magotini. Sehemu yenyewe inaitwa Whalers Bay na kitu cha kwanza ni harufu, kiberiti, mayai yaliyooza, alafu unaona ufukwe mweusi unafuka moshi. Mvuke unatoka kwenye mchanga pembezoni mwa maji, unatambaa chini chini, pengwini mmoja anapita katikati yake kama hana habari na nyie. Nilivua glavu nikainama (kuinama ruksa, goti lisiguse) nikaweka vidole kwenye mchanga pale mawimbi yanapoishia, juu uvuguvugu, ukizamisha kidole kidogo tu unatoa mkono haraka. Hatua mbili kuingia baharini maji ni barafu. Hapo hapo. Kichwa kinakataa.

Sasa tuongelee hilo bafu. Matangazo mengi bado yanasema utaoga kwenye maji moto ya volkano Antaktika, na picha za zamani zipo, watu wamelala kwenye vishimo ufukweni wanacheka. Hivyo vishimo vilikuwa vinachimbwa na wafanyakazi wa meli, maji ya moto ya chini yakichanganyika na ya bahari wanapata beseni la kuoga. Siku hizi kuchimba hakuruhusiwi. Kinachobaki ni kukimbia baharini na chupi, kupiga kelele, kutoka, na kupewa taulo, na ule uvuguvugu wa pembeni unaishia kwenye vifundo vya miguu. Mimi niliingia, sijutii, nilihisi kifua kimefungwa kwa waya na nikatoka nikiwa mwekundu, lakini huo ni mchezo wa kujitesa sio bafu, na waliolipa wakijua wanaenda kuloweka mifupa walikuwa na haki ya kukasirika. Kuna wanandoa walibeba mpaka kandambili na majoho. Kiongozi wa msafara alivyoulizwa akasema ofisi ya mauzo ndo inaandika vile vijitabu, yeye hausiki. Nyota moja imeondoka hapo.

Pengwini pia wengi wanadanganyika. Whalers Bay sio koloni, utaona wachache wanazurura, utaona sili wa manyoya wamejilaza (hao kaa nao mbali mita 15, pengwini mita 5, na sili wa manyoya akiamua kukukimbiza ana kasi ambayo huitegemei kwa mnyama asiye na miguu), utaona skua, ndege wakubwa wezi, wanavizia kofia yako. Pengwini wenyewe, wale wa mstari mweusi chini ya kidevu, wapo upande wa nje wa kisiwa, Baily Head, makumi ya maelfu, lakini ufukwe ule uko wazi kwa bahari kuu na mawimbi yanapiga moja kwa moja, siku ya kushuka ni bahati. Sisi tulipita tukauangalia kwa mbali, mlima mzima una madoa yanatembea, nahodha akasema leo hapana. Ukiona meli inaweka Baily Head kwa herufi kubwa kwenye ratiba ili wakuongezee bei, achana nao, hakuna anayeweza kukuahidi ule ufukwe.

Kilichonifanya nikipende kisiwa hiki, na ndo nilichokuja kuandika haswa, ni vyuma. Ukitembea kando ya ufukwe unafika kwenye matangi na mabirika makubwa ya kuchemshia nyangumi, yameshika kutu rangi ya damu ya mzee, yamepinda, mengine yamezama nusu kwenye majivu. 1906 Adolfus Andresen, Mnorwe aliyekuwa anaishi Chile kule Punta Arenas, alileta meli zake humu kwa sababu humu ndani maji yametulia, na baada yake wakafuata Wanorwe wengine. Mwanzo walikuwa wanachuna mafuta ya juu ya ngozi tu kule kwenye meli alafu mzoga mzima wanauachia uelee, bahari ikajaa mizoga inaoza. Kampuni ya Hektor ndo ikajenga kiwanda cha nchi kavu, kikaanza 1912, kazi yake kuchukua ile mizoga iliyotupwa na kuchemsha nyama na mifupa mpaka tone la mwisho. Kikafungwa 1931, bei ya mafuta imeanguka na meli mpya za kiwanda zinamaliza kila kitu huko huko baharini, hamna haja ya kuja kupanga foleni kwenye volkano.

Unasimama mbele ya hilo birika, linakuzidi urefu mara kadhaa, unaona rivet moja moja, vile vipini vya kuunganishia vyuma, unagundua kila sahani ya hicho chuma ililetwa na meli kutoka upande wa juu wa dunia ili kuchemsha kiumbe. Mifupa bado ipo kwenye mchanga, pingili za uti wa mgongo zimeota ukungu wa kijani. Kuna boti za mbao zilizokuwa zinabeba maji, zimefukiwa mpaka ukingoni. Kuingia kwenye majengo ni marufuku na hakuna mlinzi zaidi ya hawa vijana wa meli, na kwa kweli kwenye hili walikuwa wakali vizuri, mtu mmoja alitaka kupanda kwenye mfupa apigwe picha akapewa somo mbele ya watu.

Waingereza wakaja 1944 wakafanya kituo humo humo kwenye majengo ya wavua nyangumi, vita ilikuwa inaendelea na kila mtu, Uingereza, Argentina, Chile, anasema kisiwa ni chake. Volkano ikawaamulia. Desemba 1967 ililipuka, kituo cha Chile upande wa Pendulum Cove kikaharibiwa, watu wakakimbia. Waingereza wakarudi, 1969 ikalipuka tena, barafu iliyokuwa juu ya mlima ikayeyuka ghafla na tope la majivu na maji likashuka likapasua jengo lao na kufukia makaburi ya wavua nyangumi. Makaburi 35, na kumbukumbu ya wengine 10 waliopotelea baharini, ndo yalikuwa makaburi makubwa kuliko yote Antaktika, na leo unatembea juu yake hujui, unaona misalaba michache tu. 1970 ikalipuka tena. Toka hapo hakuna anayeishi pale mwaka mzima, Wahispania na Waargentina wana vituo vyao upande wa pili wa ghuba, wanakuja kiangazi, wanapima matetemeko, wanaondoka.

Hii historia yote sikuipata ufukweni, niliipata kwenye mhadhara usiku wa kabla, mwanamama mmoja mwanajiolojia alituchorea kisiwa kwenye ubao akaeleza kwa nini barafuto za pale ni nyeusi. Ni majivu ya ile milipuko yamelala juu ya barafu, ukipita na boti unaona ukuta wenye mistari, barafu, majivu, barafu, na usipoambiwa utadhani ni udongo tu. Watu wengi walikwepa mhadhara wakaenda baa. Kesho yake ndo hao hao ufukweni wanauliza mbona hamna kitu hapa zaidi ya mabati ya zamani. Nendeni kwenye mihadhara jamani, mmeshailipia.

Mwisho wa ufukwe upande wa pili kuna kipando kifupi mpaka kwenye pengo la ukuta wanaliita Neptunes Window. Inasemekana Palmer, Mmarekani mwinda sili, alisimama hapo 1820 akaona bara kwa mbali. Sisi tulisimama hapo tukaona ukungu. Panda tu, mandhari ya ghuba nzima ukigeuka nyuma inatosha, ila upepo wa pale shika kofia. Ukirudi ukayapita yale mabirika utakuta banda la ndege, limebaki mifupa ya chuma na mabati, hilo ni la miaka ya baadaye, lakini ni kwenye majivu haya haya ndo mpelelezi Hubert Wilkins na rubani wake Eielson waliruka Novemba 1928, ndege ya kwanza kuruka Antaktika. Mambo kama haya ningependa wayaweke hata kwenye karatasi moja tu ukipewa unaposhuka, hamna, ukitaka kujua muulize mtu, na mtu mwenyewe anahesabu abiria.

Huduma ya meli kwa kifupi. Waongozaji nyota tano, wanajua kazi, hawana maringo. Chakula kizuri na kingi mno. Intaneti ghali na inakatika, usiitegemee kwa kazi, mwambie bosi wako umepotea. Chumba cha kuchangia na mtu usiyemjua ni kamari, wangu alikuwa mpole lakini anakoroma hadi bati la ukuta linaitikia. Jaketi unapewa ubaki nalo, gambuti unaazimwa, suruali ya kuzuia maji unakuja na yako, na hapa sikilizeni, wanaikodisha kule Ushuaia kwenye maduka ya mjini kwa nafuu kuliko kununua kwenye meli.

Ushuaia, Argentina, ndo mnapoanzia, na katikati yenu na kisiwa kuna mlango bahari wa Drake, kama kilomita 800 upana, karibu siku mbili za kusafiri. Kwenda bahari ilikuwa shwari watu wakaanza kujisifu. Kurudi vikombe viliruka mezani, chumba cha kulia kikabaki na watu saba na mhudumu mmoja anacheka. Vidonge meza kabla meli haijatoka kwenye mfereji wa Beagle, ule wa Ushuaia, ukishaanza kutapika umechelewa. Na bima iwe ile yenye kipengele cha kukuondoa kwa dharura kutoka Antaktika, wanaikagua kabla hujapanda, bima ya kawaida ya safari hawaikubali.

Bei. Ni ghali, sitazunguka, unaongelea maelfu ya dola kwa mtu mmoja na kisiwa hiki ni asubuhi moja tu ndani ya hiyo safari. Punguzo la dakika za mwisho lipo kwa mwenye muda wa kukaa Ushuaia akisubiri chumba kilichobaki, lakini hapo huchagui meli, unachukua iliyopo, na tumeshasema meli ndo kila kitu. Mimi ningerudia, ningelipa zaidi kidogo kwa meli ya abiria wasiofika 100 na chumba kibaya zaidi, hata cha chini kabisa bila dirisha. Msimu ni Novemba mpaka Machi, mapema theluji bado nyingi inafunika vyuma, kuanzia Januari ufukwe unakuwa wazi na unayaona yale mabirika vizuri.

Mwenye shida ya kupumua ajue ile harufu ya kiberiti haiondoki, imo kwenye jaketi langu mpaka sasa. Na betri za simu beba mbili, weka mfuko wa ndani karibu na mwili, yangu ilikuwa asilimia 60 nikaitoa kupiga picha ya birika ikazima.